Gawa njia, usigawe nenosiri: kuunganisha nyumba tatu za jirani kwa laini moja ya intaneti

Kugawana intaneti mtaani huanza vile vile kila mahali. Jirani anakuja na simu mkononi, anaomba nenosiri la waifai apakue fomu ya shule ya mwanawe, nawe unampa kwa moyo mweupe. Wiki ya pili watoto wake wanakaa barazani kwako hadi saa nne usiku, maana ndani kwao mawimbi hayafiki. Mwezi wa tatu nenosiri liko kwa muuza chipsi wa kona, laini inasuasua, na wewe umeanza kumnunia mtu ambaye hajakukosea kitu.

Sisi tulipitia hayo yote. Nyumba yetu iko Sahare, Tanga. Leo laini moja ya faiba ya megabiti 20 kwa sekunde inahudumia nyumba tatu: yetu, ya mwalimu mstaafu aliye mita 60 ng'ambo ya barabara, na ya mama fundi cherehani aliye kama mita 110 nyuma ya msikiti. Hakuna anayejua nenosiri la mwenzake. Kila nyumba imefikishiwa njia hadi ukutani kwake, na ndani kila mmoja ana ruta yake, nenosiri lake na wageni wake. Nitaeleza tulivyofanya, hatua kwa hatua, pamoja na yale yaliyotugharimu.

Kaeni chini kwanza

Aliyewahi kuchangia Luku moja na wapangaji wenzake anajua ugomvi unavyoingia: huyu ana pasi, yule ana friji, wa tatu analala kazini siku nne kwa wiki, na mchango ni sawa kwa wote. Intaneti ni hivyo hivyo. Kabla ya kununua hata mita moja ya waya, andikeni nusu ukurasa: nani analipa kiasi gani na tarehe ngapi, antena ni mali ya nani, mtu akikosa mchango mwezi mmoja inakuwaje, na nani anaruhusiwa kugusa vifaa. Msione haya kuandikiana kwa sababu ni majirani. Maandishi ndiyo yaliyotusaidia mwezi ambao mmoja wetu aliuguliwa na kushindwa kuchangia. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba mwezi wa kwanza wenzake watambeba, na hapakuwa na maneno.

Umeme nao uingie kwenye hesabu. Ruta na antena za upande wa mwenye laini kwa pamoja zinakula kama wati 15. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 360, na kwa mwezi mzima ni karibu yuniti 11. Si nyingi, lakini ni za mtu mmoja kwa faida ya watatu.

Halafu soma mkataba wako wa intaneti. Mikataba mingi ya vifurushi vya nyumbani inakataza kumuuzia mwingine huduma, na mingine inasema wazi kwamba huduma haitoki nje ya nyumba iliyosajiliwa. Mwulize mtoa huduma wako, tena upate jibu la maandishi. Hata ujumbe wa simu unatosha. Akikataa, uliza kifurushi cha biashara ndogo. Majirani kuchangia bili ni jambo moja, kuuza intaneti kwa faida ni jambo jingine: kwa Tanzania hilo linahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kwa Kenya msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano.

Kuna jambo wengi hawalifikirii. Anwani ya mtandao (IP, namba inayotambulisha laini) inayoonekana huko nje ni moja, na imesajiliwa kwa jina lako. Mtu wa nyumba ya tatu akitumia laini hiyo kutapeli au kumtukana mtu, wa kwanza kuulizwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni wewe mwenye laini. Kwa hiyo unganisha watu unaowajua na kuwaamini.

Mwisho wa kikao, pigeni hesabu ya kasi. Video ya ubora wa HD inataka kama megabiti 5 kwa sekunde. Laini ya 20 inabeba nyumba tatu za kawaida jioni, maana si wote wanaotazama video kwa wakati mmoja. Laini ya 5 haitoshi, msijidanganye. Na kama intaneti yako ni bando la simu lenye kikomo cha gigabaiti, acha kabisa: litakwisha kabla ya tarehe kumi na lawama zitakuangukia wewe.

Panda juu utazame

Wengi hujaribu kununua ruta kubwa yenye masikio sita, wakiamini itasukuma mawimbi hadi kwa jirani. Haifiki. Ukuta wa tofali za saruji unameza mawimbi, bati linayarudisha, na hata yakipenya, simu ya jirani haina nguvu ya kujibu kutoka umbali huo. Mawasiliano ni ya pande mbili. Ukipaza sauti wewe peke yako hayajawa mazungumzo. Dawa ni kutoa mawimbi nje ya kuta zote: antena juu ya paa lako, antena juu ya paa lake, zikitazamana.

Panda mahali utakapofunga antena, utazame nyumba ya pili. Lazima uone mahali hasa antena yake itakapokaa. Kuona paa lake tu hakutoshi, wala kuchungulia katikati ya majani. Mawimbi hayanyooki kama uzi. Yana umbo la mtumbwi, membamba kwenye ncha na mapana katikati. Kwa masafa ya gigahezi 5.8 na umbali wa mita 100, pale katikati yanahitaji uwazi wa zaidi kidogo ya mita 1 kila upande wa mstari. Kwa mita 200 ni kama mita 1.6. Tawi la mwembe likiingia humo, siku za jua utaona mambo yanakwenda, halafu masika yakianza na majani yakaloa, intaneti inakufa. Maji hunywa mawimbi haya. Kwa upande wa fundi cherehani tulilazimika kuongeza bomba la mita 2 ili kuuruka mwembe, na tulipima kwa kukadiria utakapofika baada ya miaka miwili.

Utaniuliza: mita 60 si ningevuta waya tu? Waya wa mtandao unafanya kazi hadi mita 100, ni kweli. Lakini waya wa shaba unaotoka nyumba moja hadi nyingine yenye mita yake ya umeme ni daraja la radi. Radi ikipiga jirani na mtaa, umeme unapita humo na kuunguza ruta za pande zote mbili, hata kompyuta. Waya uishie ndani ya nyumba moja. Kati ya nyumba na nyumba yapite mawimbi.

Vifaa

Tunahitaji antena za nje zenye mwelekeo, aina ambayo mafundi wa mtandao huziita CPE. TP-Link CPE510, Ubiquiti NanoStation na MikroTik SXT zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta Dar es Salaam na Nairobi. Kwa umbali wa mtaani yoyote kati ya hizo inatosha. Chukua za gigahezi 5. Zile za 2.4 zina chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na mtaani zote zimeshajaa waifai za watu.

Idadi inategemea zilipo nyumba. CPE510 inatazama upana wa takriban digrii 45. Nyumba zote mbili za kwetu zinaangukia ndani ya upana huo, kwa hiyo paa letu lina antena moja na kila jirani ana moja, jumla tatu. Kama jirani mmoja yuko mashariki na mwingine magharibi, utahitaji mbili kwako.

Waya uwe wa nje, wa Cat5e au Cat6, wenye ganda jeusi linalovumilia jua, na shaba tupu ndani. Hapa msibane pesa. Madukani kuna waya wa bei chee ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Antena hupokea umeme wake kupitia waya huo huo, na alumini huupunguza njiani mpaka antena inajizima na kujiwasha bila sababu kuonekana. Kwaruza ncha kwa kisu: ikitokea rangi ya fedha, rudisha.

Mengine ni bomba la chuma lililopakwa zinki, klampu zake, ruta ndogo ya kila nyumba, na ruta moja zaidi ya kugawa njia kwa nyumba zote, nitakayoiita ruta mama.

Pangilia kila kitu mezani

Usipande na antena ambayo haijawahi kuongea na mwenzake. Ziweke zote mezani, punguza nguvu ya kurusha hadi chini kabisa, na ufanye haya kwa mpangilio huu:

1. Kila antena huja na kisanduku cha umeme chenye matundu mawili. Lililoandikwa PoE linakwenda kwenye antena, lililoandikwa LAN linakwenda kwenye kompyuta au ruta. Ukigeuza, unapeleka volti 24 mahali pasipozitarajia na unaweza kuunguza kifaa. Weka alama ya rangi kwenye waya kabla ya kuchomeka.

2. Ipe kompyuta anwani ya mtandao kwa kuiandika mwenyewe, kisha fungua ukurasa wa antena kwenye kivinjari. TP-Link za aina hii hutoka kiwandani na anwani 192.168.0.254, Ubiquiti nyingi 192.168.1.20. Badilisha nenosiri la msimamizi hapo hapo.

3. Chagua nchi yako halisi. Orodha hiyo ndiyo inayoiambia antena chaneli na nguvu zinazoruhusiwa. Baadhi ya chaneli za gigahezi 5 zinatumiwa pia na rada, na antena inalazimika kusikiliza dakika nzima kabla ya kuanza na kuhama ikisikia rada. Kama una nafasi ya kuchagua, ziepuke.

4. Antena ya kwako iwe "Access Point", za majirani ziwe "Client". Zote ziwe daraja tu, zisigawe anwani. Ulinzi uwe WPA2 kwenda juu, kwa nenosiri refu ambalo halitumiki popote pengine. Upana wa chaneli weka megahezi 20. Unatosha kwa laini kama yetu na unawaachia nafasi wengine mtaani.

5. Zipe anwani zisizobadilika. Kwetu ruta mama ni 192.168.1.1, antena yetu ni .11, ya mwalimu .12, ya fundi cherehani .13, na zinazogawiwa zenyewe zinaanzia .100.

6. Ruta ya ndani ya kila nyumba ipokee waya wa antena kwenye tundu la WAN, yaani la kuingizia intaneti, na upande wake wa ndani uwe na namba tofauti: nyumba moja 192.168.10.1, ya pili 192.168.20.1, ya tatu 192.168.30.1. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.1 au 192.168.0.1, zikifanana na ruta mama, hakuna kitakachopita.

Sasa kuhusu ruta mama, maana hapa hata mafundi hukosea. Wengi huchukua ruta ya kampuni ya intaneti, wanaendelea kuitumia kwa nyumba yao, kisha wanachomeka antena ya jirani pembeni. Jirani analindwa na ruta yake, wewe hulindwi. Kifaa chochote cha kwake kinaweza kugonga mlango wa printa yako, kamera yako na kompyuta yako, kwa sababu kwa ruta yake wewe ni sehemu ya "nje" inayoruhusiwa kufikiwa. Kwa hiyo zima waifai ya ruta mama, isiwe na kazi nyingine ila kugawa njia, na hata nyumba yako mwenyewe iwe na ruta ndogo chini yake, sawa na za majirani. Ukichora utaona mti wenye matawi matatu yanayolingana.

Na tundu la WAN nimelisisitiza kwa sababu. Wiki ya pili mjukuu wa mwalimu alikuwa anafuta vumbi, akachomoa waya, akaurudisha kwenye tundu la pili yake. Ruta ya babu yake ikaanza kugawa anwani kurudi nyuma, kupitia antena hadi kwetu. Nyumba tatu zikawa na waifai inayosema imeunganishwa na intaneti hakuna. Nilihangaika kutoka magharibi hadi saa sita usiku, nikamlaumu mtoa huduma, kumbe ni waya uliohama sentimita mbili. Kesho yake tuliziba matundu yasiyotumika kwa plasta na kuandika "HAPA TU" kwa kalamu ya wino mzito. Ziba na wewe siku ya kwanza.

Kufunga juu

Pandeni watu wawili, asubuhi, paa likiwa kavu, mbali na nyaya za umeme za barabarani. Bomba la chuma likigusa waya wa TANESCO hakuna wa kukuokoa. Kama bomba refu likianguka linaweza kufika kwenye nyaya, hapo si mahali pa bomba.

Kuelekeza antena ni kazi ya subira. Mmoja ashike antena, mwingine asome nguvu ya mawimbi kwenye ukurasa wake na kumtajia kwa simu. Namba ni hasi: -55 ni bora kuliko -75. Geuza kidogo kushoto, subiri sekunde tano, taja. Endelea mpaka namba ianze kuharibika, rudi kulia mpaka iharibike tena, halafu kaza katikati. Fanya hivyo hivyo juu na chini. Lenga kati ya -50 na -65, na mkifika hapo msiongeze nguvu ya kurusha. Kwa mita 100 nguvu kubwa huwasumbua tu wenzenu wa mtaani, na mawimbi makali mno huchafua hata mawasiliano yenyewe.

Waya ukishuka kuelekea tundu la ukutani, uachie mkunjo unaoning'inia chini ya tundu kabla haujaingia, ili maji ya mvua yadondokee hapo. Bomba liunganishwe na waya wa kupeleka umeme ardhini, kazi ambayo mwachie fundi umeme. Hilo halizuii radi iliyopiga moja kwa moja, kwa hiyo ngurumo zikianza chomoeni visanduku vya umeme. Kwetu pwani kuna adui mwingine, chumvi. Klampu za chuma cha kawaida zililika kutu ndani ya mwaka mmoja. Tulibadilisha tukaweka zisizoshika kutu. Kusi likishavuma miezi yake, panda ukaze nati tena, maana antena iliyogeuka digrii chache hupoteza mawimbi mengi.

Kugawana kasi

Bila mpangilio, nyumba moja ikianza kupakua filamu, mwalimu anakatikiwa na simu ya video ya mwanawe. Ruta mama iwe na uwezo wa kupanga foleni. MikroTik ndogo kabisa inao, na ruta nyingine huweka jambo hilo chini ya "QoS" au "Bandwidth Control". Kwanza zitengee ruta za nyumba tatu anwani zao zisihamehame, kisha iandikie kila anwani sheria yake.

Kwetu jumla imewekwa 18 badala ya 20. Ukiacha laini ijae, foleni hujipanga kwenye mitambo ya mtoa huduma ambako huna mamlaka, na kila kitu huchelewa. Ukibana kidogo chini ya kikomo, foleni inabaki kwenye ruta yako nawe ndiye unayeamua nani apite. Kila nyumba imehakikishiwa 6, na inaruhusiwa kufika 18 wenzake wakiwa wamelala. Weka kikomo cha kupandisha pia. Simu moja inayohifadhi picha za harusi usiku inaweza kuziba njia ya kupanda na kuharibu maongezi ya nyumba zote.

Ikikatika

Pima kutoka karibu kwenda mbali. Kwenye kompyuta ya nyumba iliyokosa intaneti, piga ping (amri ya kuuliza kifaa kama kinajibu) kwa ruta yake, kisha antena ya upande wake, kisha antena ya kwako, kisha ruta mama, kisha nje. Pale majibu yanapokoma ndipo palipo na tatizo. Kati ya paa na paa majibu yawe ya milisekunde chache bila kupotea hata moja. Yakipotea mvua ikinyesha, kamtazame mwembe. Yakipotea kila saa moja jioni, badilisha chaneli.

Ruta mama, kifaa cha faiba na antena yako ziwe na betri ndogo ya akiba, maana umeme ukikatika kwako tu, au Luku yako ikiisha, nyumba tatu zinakwama.

Habari zikienea, nyumba ya nne na ya tano zitabisha hodi. Sisi tumesimama kwenye tatu, kwa sababu ya kasi na kwa sababu ya sheria. Wanaotaka kwenda mbali zaidi wana wa kuwatazama: TunapandaNET ya Kibera, Nairobi, inayounganisha shule na vituo vya jamii kwa antena za paa hadi paa, na guifi.net ya Katalunya, Hispania, iliyoanza mwaka 2004 vijijini. Hizo zina taasisi nyuma yake na wasimamizi wanaojibu. Kenya iliweka mwaka 2021 utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii ya namna hiyo. Anzia huko kabla ya kununua antena ya nne.

Andika anwani zote, chaneli na rangi za waya kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa kabati lenye ruta mama, na jirani mmoja awe na nakala. Jirani akihama, shusha antena yake mchana akiwepo, mrudishie iliyo mali yake, badilisha nenosiri la antena zilizobaki siku hiyo hiyo, na ufute sheria yake kwenye foleni ili ile 6 yake irudi kwa waliobaki.